Shamba Safi la Nambis

Nangwa, Hanang
24 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo mama. Habari za tangu nilipoondoka? Mgongo unaendeleaje? Mwanangu Eva hajambo? Bado ananililia jioni, au ameshanisahau, msaliti mkubwa yule? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila jua la huku chini si la kwetu. Nimekuwa mweusi, ukiniona utanipita njiani.

Naandika barua kwa sababu simu zetu zinakaa ofisini kutwa, na tukirudishiwa jioni wewe uko bondeni, hupatikani. Barua nampa Agustino, konda wa basi la Katesh. Anampa mwenzake pale Dareda na yeye anaifikisha Mbulu. Na wewe jibu kwa njia hiyo hiyo.

Mama, mafunzo ni mazuri. Tunafundishwa udongo, mbegu, kupanda kwa mstari, mpaka lishe ya watoto. Mratibu wa mradi anasema ni aibu nchi yenye ardhi kama hii kuagiza mafuta ya kula kutoka nje, ndiyo maana sera sasa ni alizeti. Na sikiliza hili: watakaofanya vizuri wataajiriwa na mradi, kila mmoja kwenye kata yake. Kazi, mama! Ya mshahara! Unajua nilivyosemwa pale parokiani nilipobeba mimba ya mtu aliyekimbia. Nataka nirudi Nambis na pikipiki ya kazi, wale wanawake wanipishe njia.

Sasa kuna sharti moja. Kila mwanafunzi lazima awe na shamba la mfano kwao, na wakaguzi watakuja kuliona. Nakuomba lile shamba la chini, lenye maharage na maboga, pamoja na kile kipande cha majani anapofungwa ng'ombe. Mbegu nimemkabidhi Agustino. Panda mvua ikikaa vizuri, mwishoni mwa Januari. Ila tafadhali iwe alizeti peke yake. Hawataki kuchanganya. Wanaita shamba safi.

Mbusu Eva kwenye shingo, pale anapochekeshwa.

Mwanao,
Judica


Nambis, Mbulu
15 Desemba 2024

Mama Eva,

Milele amina. Marahaba mwanangu. Sisi huku hatujambo kabisa. Mgongo ni ule ule, hauna jipya. Eva ni mzima, anakimbiza kuku mpaka wamesahau kutaga. Jioni alikulilia wiki ya kwanza, sasa analilia kibuyu cha maziwa. Kwa hiyo ndiyo, amekusahau, usijidanganye.

Shamba safi! Hebu nifafanulie, maana darasa la saba langu ni la zamani. Hivi siku hizi maharage ni uchafu? Maboga ni uchafu? Mimi nimekulea wewe kwa huo uchafu, na ukapata akili ya kuchaguliwa na mradi.

Halafu kile kipande cha majani. Umesahau yule ng'ombe ni wa nani? Ni wa Gidahosh, uzao wa yule ng'ombe aliyemkabidhi baba yako wakiwa vijana wote wawili, na baba yako amekufa na uzao bado upo. Utaratibu unaujua: ng'ombe ni wake, ndama ni wake, maziwa ni yetu sisi tunaomtunza, na urafiki ni wa nyumba zote mbili. Akikonda mikononi mwangu, Gidahosh hatasema kitu, lakini ataangalia mbavu zake na mimi nitakufa kwa aibu. Na ni maziwa yake yaliyomwachisha Eva ziwa lako ukaweza kwenda huko kusomea usafi wa mashamba.

Nimesema. Sasa nimenyamaza. Mbegu zimefika, nimeziweka juu ya dari. Sitaki kesho useme ulikuwa na bahati na mama yako akaikalia.

Mama yako,
Verediana


Nangwa
19 Januari 2025

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Natumaini mu wazima na mmeanza mwaka salama. Mimi sijambo.

Nimeisoma barua yako nikacheka, halafu nikawa na wasiwasi. Mama, nakuomba usinifanyie mzaha kwenye jambo hili. Herman wa Bashay, tuliyekuja naye, kwao wamepanda mapema, tena kwa kuchanganya na mahindi. Mkaguzi alipofika alipiga picha, akageuka, na Herman amerudishwa nyumbani. Amelia mbele za watu, mwanaume mzima.

Ikiwa kuna maharage yameota pembeni, yang'oe. Usiuonee huruma mmea hata mmoja. Tukivuna na kuuza alizeti, maharage tutanunua, maziwa tutanunua, hata maziwa ya pakiti akitaka Eva. Ndivyo tunavyofundishwa: mkulima wa kisasa analima kinachouzika, chakula ananunua. Kuhusu ng'ombe, si umfunge kwenye njia ya kisimani kwa muda? Au ongea na Gidahosh. Ni mtu mwelewa.

Nakuahidi ni mwaka huu mmoja tu.

Mwanao,
Judica


Nambis
28 Mei 2025

Mama Eva,

Milele amina. Marahaba. Sisi huku hatujambo, ni wazima, tunaendelea. Usinune kwa ukimya wangu. Simu niliiuza, na barua inataka mtu awe amekaa chini.

Shamba lako liko tayari. Maharage niliyang'oa yakiwa na maua. Nililia, nikajicheka, mwanamke mzima analilia maharage. Sasa alizeti zimeinamisha vichwa kama watu wa kanisani, na hakuna jani lingine humo ndani, hata mchicha. Nimefanya kama ulivyotaka.

Wakaguzi walikuja wiki iliyopita na gari jeupe. Jamani, walifurahi! Walisema hawajaona shamba safi kama hili Mbulu yote. Wakataka picha. Nikakaa mbele ya alizeti na Eva mapajani, mmoja akasema, "Mama, mtoto ana afya huyu, ndiyo matunda ya mradi." Nikamwambia mtoto anakula mkono wa bibi.

Na kweli, ungemwona! Amenenepa. Mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo, na miguu imekuwa minene, viatu ulivyomwachia havimwingii. Nywele zimekuwa laini, zimeingia wekundu, Hhando jirani anamtania anamwita Mzungu. Na ametulia. Kuku hawakimbizi tena. Namkalisha mlangoni asubuhi na nikirudi namkuta pale pale, halii, hasumbui. Mungu amenirahisishia.

Uji anakunywa. Kliniki sijaenda tangu mvua kubwa, njia imekatika.

Wanunuzi wa alizeti wanakuja lini?

Mama yako,
Verediana


Nangwa
12 Juni 2025

Mama yangu, mama wa mfano,

Tumsifu Yesu Kristu, shikamoo mara mia! Nimeruka na barua yako nikawasomea wenzangu wote bwenini. Pale pa kuku tumecheka mpaka mlinzi akaja kutazama.

Na picha imefika! Wameikuza, wameibandika ukutani ofisini, ukiingia tu unakutana nayo: wewe, Eva na alizeti nyuma. Chini wameandika "Familia bora." Kila mgeni anaonyeshwa. Mimi napita pale hata nisipokuwa na shida ya ofisi. Mratibu ameniita akasema jina langu liko juu kabisa, nisiharibu tu.

Wanunuzi watakuja mwezi wa saba, tuwe na subira. Kuna maneno kwamba mafuta ya nje yamefunguliwa mlango yaingie kwa wingi, lakini mratibu anasema hayo ni ya Dar es Salaam, hayatatufikia.

Siku hizi mimi ndiye ninayewapikia wanawake wa hapa Nangwa uji wa lishe, wajifunze. Karanga, maziwa, dagaa wa kusagwa. Watoto wao wamekonda, mama, nawahurumia. Nawaambia njooni mmwone mwanangu ukutani.

Mwanao mwenye furaha,
Judica


Nangwa
Jumatatu, 23 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Soma hii kwanza, mengine baadaye. Mshike Eva mguu, mbonyeze kwa kidole juu ya unyayo, uhesabu taratibu kama unasali Baba Yetu mpaka katikati, kisha uachie. Ikibaki shimo, usingoje kitu chochote. Mbebe umpeleke hospitali wakati huo huo.

Leo nesi mmoja, Getruda, amekuja kutufundisha magonjwa ya watoto wasiopata chakula cha kujenga mwili. Akatuonyesha picha. Mtoto mashavu yamejaa, miguu minene, nywele nyekundu nyepesi, amekaa tu. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Huyo anafanana na mwanangu." Watu wakacheka. Getruda hakucheka. Akaniambia nimpeleke ilipo ile picha ya ofisini. Akaitazama, akaniuliza mtoto anakula nini. Nikasema anakunywa maziwa ya ng'ombe, tuna ng'ombe. Akasema, "Huyu hajanenepa, dada. Huyu amevimba."

Nikatoka nje nikajiambia nesi hajui, maziwa yapo. Mama, sijui Mungu anapangaje mambo: kwenye geti nikamkuta mzee Gidahosh ananisubiri, ametoka kwake na basi. Alikuja kuniuliza kwa upole kabisa, fimbo mkononi, kwamba ametukosea nini hata mama yangu akamrudishia ng'ombe akiwa anakamuliwa. Anasema ulimtuma Hhando akamswaga mpaka kwake, mwezi wa pili, bila neno. Anasema kwao ng'ombe wa rafiki harudishwi hivyo mpaka watu wawe wamegombana.

Kwa nini hukuniambia? Kila barua sisi hatujambo, sisi hatujambo!

Nimempigia Hhando tangu mchana, hapatikani. Nimeomba ruhusa nije kesho. Mratibu amesema Jumatano kuna wageni wakubwa na mimi ndiye wa kupika uji mbele yao, nikiondoka sasa nimejiondoa mwenyewe kwenye kazi. Nitakuja Alhamisi na basi la kwanza. Agustino nimemwapisha barua hii isilale njiani.

Mbonyeze mguu, mama.

Judica


Nambis
3 Agosti 2025

Judica,

Salamu utanisamehe. Nimejaribu kuanza kama tunavyoanza, mkono umekataa. Nikiandika sisi huku hatujambo nitakuwa nimeongopa tena, na mwaka huu nimeongopa vya kutosha.

Msibani hatukusemeshana. Watu walidhani ni uchungu wa kumzika mtoto. Wacha wadhani. Ila yapo niliyotaka uyajue, na uso kwa uso ningekupiga au ningekukumbatia, na vyote viwili sikuvitaka siku ile.

Barua yako ilinifikia Jumatano, nikiwa napepeta hizo alizeti zako. Nilibonyeza mguu. Kidole kilizama kama kwenye unga uliokandwa. Nikaachia, shimo likabaki. Nikabonyeza mwingine, nikijidanganya kwamba labda ni mguu mmoja. Nikambeba nikashuka kwa miguu mpaka barabarani. Ulipofika Alhamisi ulitukuta wodini, na Jumamosi akafa mikononi mwako, basi. Lakini Jumatano hukuwepo. Daktari aliniuliza mtoto anakula nini. Nikasema uji. Uji wa nini? Wa mahindi. Na nini kingine? Judica, nilitazama sakafu. Mimi Verediana, niliyelea watoto kwa maziwa na maharage, nilisimama mbele ya kijana wa umri wako nikasema, uji tu. Na saa ile ile wewe ulikuwa Nangwa unawakorogea wageni uji wenye karanga na dagaa.

Uliuliza kwa nini sikukwambia habari za ng'ombe. Kwenye njia ya kisimani majani hayakumtosha, akaanza kukonda. Nikaona afadhali arudi kwao bado ana mwili kuliko Gidahosh aje kuhesabu mbavu. Niliona aibu ya mbavu za ng'ombe, mbavu za mtoto sikuzitazama. Na wewe sikukwambia kwa sababu ungesema ndiyo, mama, ni mwaka mmoja tu.

Uvimbe ule sikuujua. Nakuapia. Nyumba yetu haijawahi kukosa maziwa tangu nimeolewa, ningeujulia wapi? Nilifurahi. Niliwaonyesha watu.

Gidahosh alikuja baada ya wewe kuondoka. Amekuja na yule ng'ombe. Hakusema pole, alimfunga pale chini kwenye mabua ya alizeti, akanywa maji, akaondoka. Sasa maziwa yapo. Nakamua asubuhi kwa sababu ng'ombe lazima akamuliwe, najaza kibuyu, nakaa nacho. Jana nimemwaga. Leo nimekunywa mwenyewe kwa hasira.

Wanunuzi wako hawakuja. Mafuta ya nje yamejaa hadi dukani kwa Sulle, na alizeti hakuna anayeiuliza. Magunia yamejaza chumba alimokuwa analala Eva. Panya wanazaliana humo, ndio walionenepa kweli.

Usidhani nakulaumu peke yako. Ningekuwa na wa kumlaumu mmoja tu, ningekuwa napata usingizi.

Nina ombi moja. Ile picha ya ofisini. Sina picha yake nyingine, simu iliyokuwa nazo niliiuza ninunue mahindi ya uji. Waombe wakupe. Halafu ukate hizo alizeti, sitaki kuziona.

Mama yako


Nangwa
30 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi habari. Ninazijua.

Mafunzo yamekwisha. Wamenipa ile kazi. Kata yetu yenyewe, pikipiki imesimama uani na jina langu kwenye tangi. Kazi ni kuwafundisha watu wa Nambis shamba safi. Nilisimama mbele yao nikasema siitaki. Wakadhani nimechanganyikiwa kwa msiba, wakanipa muda wa kufikiri. Nimefikiri. Kesho kutwa narudisha funguo.

Niliomba picha. Mratibu akasema ni mali ya mradi, tena wameshaichagua kwa kalenda ya mwakani, itabandikwa kwenye ofisi za kata zote. Akasema inapendeza, mtoto ana afya. Nikamwambia mtoto huyo nimemzika. Akaniuliza kama kifo chake kina uhusiano wowote na mradi. Aliuliza hivyo hivyo, mama, kalamu ikiwa mkononi. Nikamwambia alikufa kwa njaa ndani ya nyumba iliyojaa alizeti yao, aandike hivyo. Hakuandika.

Mchana watu wakiwa wanakula niliingia na mkasi wa jikoni. Sikujificha. Wapo walionitazama mlangoni, hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo kwenye kalenda watamtundika, siwezi kuwazuia, lakini huku ukutani hayupo tena.

Picha iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye kitambaa isikunjike. Alizeti nimezikata zote. Uso wako pia umeondoka, nisamehe, ulikuwa katikati ya maua na mkasi haukunisikiliza. Mkono wako umebaki, ule uliomshika tumboni. Sikuweza kumtenganisha nao.

Ningeileta mwenyewe ila naogopa mlango wako. Nitakuja Jumapili ya wiki ijayo hata hivyo. Ukitaka nisiingie, nifungie, nitakaa nje na ng'ombe. Usimrudishe tena kwa Gidahosh. Kwenye hayo mabua nitapanda maharage mvua ikinyesha, ijapokuwa najua ni ya nani sasa, ni ya watu wazima wawili wasiosemeshana.

Mama, kwenye barua yako umeniita Judica. Hukuwahi kuniandikia hivyo tangu nijifungue. Nipige, nifukuze, lakini jina lile usiniondolee, kwa sababu hapa duniani Eva anatajwa ndani ya jina hilo tu.

Mwanao,
Mama Eva